Agizo la Wanaovuka Tu

Mjukuu wangu Tumaini,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Usicheke kuwa na bibi wa kidato cha tano. Bibi yako ni dada yangu mkubwa, basi vumilia. Hapa Tunduma tu wazima, na mama bado anauza chai karibu na mpaka.

Umeuliza kama niliwahi kuharibu kompyuta. Niliharibu kazi ya darasa zima. Tulitengeneza kipimo cha unyevu wa kahawa, na kesho yake wakulima wa Mbozi walikuwa wanakuja kukiona. Kompaila, inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, ilihitaji agizo la ziada kwa ajili ya kipimo. Nililiandika kwenye faili la mipangilio ambalo kompaila husoma kila inapoanza. Kipimo kikakubali, lakini programu nyingine zote za darasa, zilizopelekewa agizo lisilozihusu, zikagoma.

"Mhandisi katumaliza!" wenzangu wakapiga kelele.

Jioni nilimweleza mama. Akacheka. "Sasa unadai pasi kwa kila mtu? Anayevuka aonyeshe. Anayekunywa chai yangu, mwache anywe."

Asubuhi nilibadilisha mstari mmoja: agizo lipelekwe pale tu mtu anapoitajia kompaila kipimo. Kila programu ikapita! Mkulima mmoja akatoa kahawa mfukoni mwake. "Pimeni hii." Kipimo kikaonyesha imekauka sawasawa, naye akarusha kofia juu, darasa zima likashangilia.

Siku hizi, kabla ya kuandika agizo lolote, huuliza kwanza nani anavuka.

Msalimie mwanangu, yaani mama yako.

Bibi yako mdogo,
Neema