Punje Sita Kabla ya Kuchoma Dhahabu

Mpendwa Shangazi Mwahija, naomba msaada, lakini kwanza niruhusu niutangazie rasmi umma wa Geita, Shinyanga na vitongoji vyake kwamba mke wangu amehama chumba, yeye na mto wake, na wenzangu tunaoosha nao dhahabu hapa mwaloni Nyarugusu wameshakaa kikao wakaamua kuwa chanzo ni kitunguu saumu.

Nina miaka hamsini na mmoja, kitambi kiasi, akili kiasi. Mwaka jana nilisikia redioni kwamba kitunguu saumu kinaamsha vimeng'enya vya ini, vile vinavyosafisha sumu mwilini, na kinakinga hata kemikali zinazoleta saratani, basi mimi mchoma dhahabu nikaona dawa imenifuata nyumbani, nikawa kila nikitaka kuweka donge la dhahabu na zebaki kwenye kikaango natafuna kwanza punje sita, halafu nachochea mkaa mpaka zebaki yote ipae, tena jikoni kwa mke wangu, maana nje kuna macho ya watu, na jirani yangu Nasibu akinisikia harufu ananiuliza, "Pilau, leo umeiva?" nami nacheka.

Sasa nimechoka kucheka, Shangazi. Mkono wangu wa kulia unatetemeka, chai inaishia kwenye sahani, na mke wangu Asteria anaamini nimerudia gongo niliyoiacha miaka tisa iliyopita. Nimemwacha aamini hivyo, kwa kuwa nikitaja zebaki atauliza nilikuwa naichomea wapi. Nifanyeje?

Baba Paskalina

Baba Paskalina, pole. Hiyo ni moja, ya pili usiitegemee.

Redio haikukudanganya, ila wewe ulizima mapema. Kitunguu saumu kikipondwa hutoa viambata vya salfa, na watafiti wameona, zaidi kwa wanyama wa maabara, kwamba vinachangamsha vimeng'enya vinavyozifunga baadhi ya sumu, kama za moshi wa sigara, zitoke mwilini. Ni msaada mdogo, na kwenye mchuzi ni mtamu. Lakini mvuke wa zebaki hausubiri ini lako lijiandae. Unaingia mapafuni, unashika njia ya damu, unafika kwenye ubongo na figo. Wewe umejifunika kanga kwenye mvua ya mawe.

Mwanaume mzima, unaona bora uitwe mlevi kuliko kusema kweli! Leo hii kitoe hicho kikaango, kisipikiwe tena. Usichome bila retoti, kile chombo cha chuma kinachofungwa kikanasa mvuke, na iwe mbali na nyumba. Nenda hospitali, utamke "zebaki" kwa kinywa chako, usiseme "uchovu." Na kabla ya yote mwambie Asteria, maana anayeshinda jikoni humo ni yeye.

Jibu hili nilimtumia kwa simu kabla ya gazeti kwenda mtamboni. Jana aliniandikia, na yeye na mkewe wameruhusu niyachape maneno haya:

"Shangazi, nimemwambia. Nilitegemea matusi. Alikaa kwenye kigoda, akauliza, 'Kwa hiyo hukunywa?' Nikasema sikunywa. Akatoa mikono yake ndani ya kanga, akasema, 'Basi tazama na hii, Baba Paskalina.' Inatetemeka kuliko wangu. Ameificha tangu Pasaka. Hakuhama kwa harufu, wala kwa gongo. Alihama ili nisiihisi tukilala. Tuko kwenye foleni ya vipimo. Yeye namba kumi na nne, mimi kumi na tano."