Jina Nisilotaka Kulisoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza nipe habari za goti: limepoa, au bado linakugombeza kila ukipanda kwenda bombani? Na miwani niliyokutumia, inakukaa vizuri puani, au umeshamwazima jirani yako fundi cherehani? Mimi sijambo. Nakula, nalala, na mashavu yamejaa kidogo, kwa hiyo usianze kuniombolezea.

Barua hii anakuja nayo muuguzi wa shirika anayerudi huko kambini. Nimemwomba akupe wewe mwenyewe, mkononi. Isome peke yako, mlango umefungwa. Fundi cherehani akitaka kukusomea, mwambie mwandiko wa mwanao umeuzoea tangu anaandika ukutani kwa mkaa. Hata mdogo wangu asiione kwanza. Bwana Maswali yule akishika ncha ya jambo halali mpaka alivute lote.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Mama, ukizungumza kwa simu pale kwenye kibanda cha kuchajia, foleni nzima inatega sikio, nawe ukifurahi unapiga kelele. Haya ya leo si ya foleni. Majibu ya ombi letu yametoka, na si mazuri. Naomba usome taratibu, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Kazi ni ileile, chumba cha kufulia cha hospitali. Niko kwenye pasi kubwa ya kuzunguka. Wawili tunashika shuka pembe, tunailisha pasi, linaingia limekunjamana na kutoka limenyooka. Mwenzangu wa upande wa pili ni mwenyeji, mtu mzima, mdomo mkali lakini moyo mwema. Redio haizimwi humo ndani, na mwaka huu redio yote ni sisi: tuwe wangapi, tukae wapi, turudishwe lini. Ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone huku haujafika. Siku moja mwenzangu akasema mkimbizi mmoja akiruhusiwa anavuta ukoo mzima, kama uzi wa sweta. Halafu akakumbuka tumeshika shuka moja, akaona haya, akasema mimi hanisemi, mimi ni mtu wao. Nikamwambia uzi wangu umebaki watu wawili tu, mama na mdogo wangu. Wiki hiyohiyo akaniletea mapazia ya chumba chenu.

Ndiyo, chumba mnacho. Kitanda chako kipo ukutani, mbali na dirisha kwa sababu ya goti, na cha mdogo wangu kipo dirishani ili awaulize maswali wapita njia. Magodoro bado yamo kwenye nailoni. Kila Jumapili nafagia chumba ambacho hakuna aliyekichafua.

Sheria ya huku inaruhusu mtu aliyepewa hifadhi amwite mzazi wake, pamoja na ndugu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane, mradi damu ikubali. Siwalaumu kwa kuuliza. Mwenye nyumba ana haki ya kujua nani anabisha hodi, na wewe mwenyewe unawajua walioandikisha watoto wa wenzao kisha wakawauza njiani. Ndiyo maana walikuja kambini kuwatoa damu, na mimi wakanitoa huku. Nilikaa roho juu, lakini ni kwa sababu ya mdogo wangu. Mwakani anatimiza umri, na akishautimiza mlango wake unafungwa. Damu haikunipa wasiwasi hata kidogo. Nani ana wasiwasi na mama yake?

Waliniita asubuhi, nikaenda na nguo za kazi. Afisa alikuwa mwanamke wa rika langu, ana mafua. Kabla hajafungua mdomo alisogeza boksi la tishu kutoka upande wake likaja upande wangu. Nikajua kuna baya. Nikafikiri umekufa, mama. Nikafikiri wamekufuata kambini wakakuta umeshazikwa na watu wananificha. Kwa hiyo aliposema alichosema, nilicheka.

Alisema wewe na mdogo wangu ni mama na mwana, hakuna shaka. Lakini mimi na wewe damu yetu haikutani popote. Wewe si mama yangu, si mama mkubwa, si shangazi, hata ndugu wa mbali si wewe. Nami nikacheka, kwa sababu nilichosikia ni kwamba uko hai.

Kicheko kilipokwisha nikamwambia mashine imekosea. Nikamweleza kwamba mama huyu, kila nikimkosea, hunihesabia uchungu wa kunizaa: jinsi mvua ilivyonyesha, mkunga alivyokimbia mabomu, na mimi nilivyokataa kutoka kwa ukaidi ambao sijauacha mpaka leo. Nikamwambia mbele za watu unaniita kifungua mimba wako, huniiti kwa jina. Akaagiza wapime tena. Majibu yakaja vilevile.

Akanisomea maelezo yako ya kambini. Walikuuliza kama mimi ni mtoto wa kumzaa au wa kulea. Wakakuambia kulea si kosa, useme tu. Ukaapa umenizaa. Wakakuuliza tena, ukaapa tena, kisha ukakunja mkono wa gauni mwenyewe na kuwanyooshea. Afisa anaona hapo ulikuwa unadanganya serikali. Mimi nakujua zaidi yake. Naona ulikuwa na hakika kabisa kwamba damu yako itanikubali.

Sikufichi, nilikasirika. Ile wiki niliyosema simu imeharibika, haikuharibika. Nilikuwa naitazama ikiita. Nililia kazini, mwenzangu akaizima redio, na tukanyoosha mashuka siku nzima. Ndipo nikaanza kukumbuka. Wanawake wote hapo kambini husema kuzaa si kazi, kazi kulea. Wewe hujawahi kuusema msemo huo hata siku moja. Akiusema mtu, unanyanyuka kwenda kuchota maji ambayo tayari yamejaa ndooni. Nikakumbuka pia ile safari ya kukimbia ulivyokuwa unatusimulia, jinsi unavyofika kwenye daraja na kuliruka bila kulisimulia, tukajikuta ng'ambo, wewe na mtoto mgongoni. Bwana Maswali aliuliza mara ngapi kilichotokea darajani? Ulimfukuza kila mara.

Sasa hasira imekwisha. Kilichobaki ni huzuni, na nyingi ya huzuni hiyo ni kwa ajili yako. Umebeba jambo hili peke yako tangu nikiwa mgongoni, kisha mtu mwenye mafua akalitua mezani.

Wakili wa msaada anasema dirisha moja bado liko wazi mpaka mwisho wa mwezi ujao. Sheria inamkubali mama mlezi. Lakini mlezi mwenyewe aandike kwa mkono wake ni nani aliyemzaa mtoto, yuko wapi, na mtoto alimfikiaje. Ukinyamaza, au ukiapa tena, wataandika kwamba tulisema uongo, faili litafungwa, na mdogo wangu atazeekea hapo. Nilimwuliza wakili kama siwezi kukuandikia mimi. Akasema ninachojua mimi ni kile ulichonisimulia.

Kwa hiyo nakuomba, mama, naomba nimepiga magoti. Andika. Andika ya darajani, na jina la mwanamke yule aliyenizaa, kama alikuwa nalo na kama ulilisikia. Naomba radhi kwake pia, popote alipolala. Andika kwenye karatasi ya peke yake, uikunje, uitie kwenye bahasha na kuibandika kwa gundi ya fundi cherehani, umpe muuguzi aitume huku. Nitampelekea wakili kama ilivyo. Mimi sitaifungua. Serikali ina haraka ya kujua, mimi sina. Ipo siku nitataka kulijua jina hilo, na siku hiyo nitakuuliza mwenyewe, tumekaa kwenye kitanda chako humu ndani, wewe ukiwa na goti lako kwenye mto. Mkishindwa kuja, basi sitaki kulijua.

Barua yangu mimi iandike kwenye karatasi nyingine, kama siku zote. Anza na "Kwa mwanangu niliyemzaa kwa taabu," uniulize kama nakula, unigombeze kuhusu nywele zangu, na umalize kwa kusema uchungu ule hutausahau. Usibadilishe hata neno.

Msalimie Bwana Maswali, mwambie kitanda cha dirishani ni chake. Msalimie fundi cherehani, ingawa najua amesimama mlangoni. Jikande goti kwa maji ya moto kila jioni, na Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi,
kifungua mimba wako.