Albamu Kumi za Mlangoni kwa Papa

Kampala, tarehe 3 desemba 2023

Papa,

Asinge, salamu yetu ya nyumbani, wewe pamoja na maman. Natumaini mgongo wake umepunguza kuuma na kwamba ameacha kubeba ndoo mwenyewe, ingawa najua hajaacha. Mimi niko salama. Kile kikohozi cha mwezi uliopita kimeisha, na kwenye pharmacie kazi ya kuuza dawa ni ileile.

Desemba imefika, basi wakati wetu wa kugombana umefika. Nakutumia orodha yangu ya albamu kumi za mwaka, za elektroniki na hizo nyingine ambazo maman anaziita kelele za watu wenye huzuni. Kila moja nimeisikiliza mara tatu. Nakukumbusha sheria zetu kwa sababu mwaka jana ulijifanya umezisahau: ni kumi tu, tunaweka sahihi sisi wawili, karatasi inabandikwa kwenye mlango wa atelier yako, hapo unapotengeneza vyombo vya sauti, tarehe thelathini na moja, na kila albamu iliyomo inapigwa hapo mlangoni ili watu wa mtaa wetu wa Cimpunda waje kubisha. Sahihi moja ikikosekana, hakuna orodha. Ni mwaka wa kumi na mbili huu.

Ya kwanza ni "Délestage", yaani umeme kukatwa, ya wale vijana wawili wa Kisangani waliorekodi jenereta za mtaa wao. Usianze. Ya pili ni "Glasi Tatu", ya yule mwanamke wa Helsinki na vinanda vyake vya zamani. Ya tatu ni "Ruhusa ya Mvua", wale wa Nairobi wenye gitaa na mashine ya ngoma, na najua utasema ni ndefu. Nyingine ziko kwenye ukurasa wa pili; nyimbo zenyewe zinakuja kwa basi ndani ya clé USB, na barua tutaendelea kupigiana picha kwa simu.

Ya sita ni yangu. Inaitwa "Upande wa Ziwa", ina nyimbo nane, imetoka mwezi wa kumi baada ya miaka miwili ya kuifanya kila nikitoka kazini. Nimeiweka hapo kwa sababu nimezipima zote na hapo ndipo inapokaa. Papa, watu wengi wameisifu, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusikia, na neno lako ndilo ninalongoja. Iache au iondoe, ila isikilize kama unavyosikiliza za watu wengine.

Mtoto wako,
Carmel


Bukavu, tarehe 11 desemba 2023

Mwanangu Carmel,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Maman anakusalimu, mgongo unauma, na ndoo anabeba. Mimi mwili uko, ni kichwa ndicho kimechoka.

Kampeni hii ya uchaguzi imenimaliza. Kila mgombea amekodi baffle, hizi spika kubwa za parokia na za makorali, na kila baffle inarudi kwangu imeungua, kwa sababu hao watu wanafikiri kupiga kelele ndiyo programme yenyewe. Nina kumi na saba mezani, zote bubu. Inayofanya kazi ni ile kubwa ya mlangoni peke yake, na kwa hiyo ndiyo nimesikilizia orodha yako.

"Délestage" haiwezi kuwa ya kwanza. Jenereta ninazo bure hapa kila jioni. Nimeipa nafasi ya tisa, na hapo nimekuhurumia. Mama wa Helsinki ndiye wa kwanza, hatubishani. Wale wa Nairobi ni warefu.

Sasa ya sita. Ngoma zimekaa vizuri, sauti za chini ni safi, hakuna mahali panapopasuka. Lakini nimeudhika, Carmel. Nilingoja uimbe. Wimbo wa kwanza, ngoma. Wa tatu, ngoma na kinanda, na katikati nafasi kubwa ambapo angekaa mtu, na mtu hayupo. Wa tano hivyo hivyo, wa saba hivyo hivyo. Wewe uliyeimba zaburi ya Pasaka mpaka Edouard, mwalimu mzima wa korali, akasahau kuinua mkono. Nani huko Kampala amekuambia kwamba kuimba ni ushamba? Nyumba nzuri isiyo na mwenyewe siwezi kuiweka mlangoni kwangu. Iondoe, tuweke ya yule mpiga gitaa wa Lubumbashi.

Papa yako


Kampala, tarehe 12 desemba 2023

Papa,

Habari za nyumbani. Pole kwa mgongo wa maman. Mimi sijambo, yaani nilikuwa sijambo mpaka nilipopokea barua yako.

Ninaimba. Wimbo wa tatu naimba kuanzia sekunde ya ishirini mpaka mwisho. Wa tano naimba, wa saba naimba. Nimeimba mpaka jirani amenilalamikia kwa mwenye nyumba. Kama husikii, basi hukusikiliza. Umetia clé USB, ukageuka kuchoma waya za wagombea wako, halafu ukaniandikia ukurasa mzima juu ya kitu ambacho hukukisikia.

Ningekubali uniambie kwamba naimba vibaya. Ningelia siku mbili ningenyamaza. Lakini kuniambia sikuimba ni dharau, na wewe hujawahi kunidharau. Kaa chini usikilize.

Mtoto wako,
Carmel


Bukavu, tarehe 17 desemba 2023

Mwanangu,

Sisi tuko, na wewe uwe mzima.

Kazi ya sauti nimeifanya miaka thelathini na moja na hakuna aliyewahi kuniambia sisikii. Lakini sawa. Nimefunga atelier mchana kweupe, nimekaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Nimemwita maman na Edouard ili usiseme ni masikio ya muzee mmoja. Tumesikiliza mara tatu.

Maman alisema: "Mi siko nasikia mutu. Pengine alisahau kutia sauti." Edouard akasema: "Papa Carmel, iyi ni musiki ya kungojea mutu, na ule mutu hakuye." Na Marcelline, yule anayeuza samaki wadogo, sambaza, ng'ambo ya barabara, alivuka mzima mzima kuja kuniuliza: "Iyi wimbo iko naanza saa ngapi?"

Watu wanne, Carmel. Sijui umetuma kitu gani na sitaki kusema kwamba mtoto wangu ananidanganya. Labda huko umekosea faili. Ila kilichoko hapa hakina mwimbaji, na mimi siweki sahihi kwa kitu ambacho sikusikia. Nimeiondoa. Tuma sahihi yako kabla ya Noeli, watu wameshaanza kuuliza.

Papa yako


Kampala, tarehe 19 desemba 2023

Papa,

Salamu kwa maman.

Faili ni hiyohiyo. Nimeisikiliza asubuhi hii na mimi nimo ndani. Kama watu wanne wa nyumbani wamekaa chini kunisikiliza na hakuna aliyenisikia, sina la kuongeza.

Sitaweka sahihi.

Carmel


Bukavu, tarehe 21 januari 2024

Mwanangu Carmel,

Heri ya mwaka mpya, ingawa mwaka umeshaanza kuzeeka. Noeli imepita bila barua yako, na maman amenilaumu kila siku kwenye meza. Anasema tuko vichwa viwili vya jiwe na yeye ndiye anayepika katikati.

Tarehe thelathini na moja mlango ulikuwa mtupu. Watu walikuja, wakatazama, wakarudi. Edouard akaona nafasi, akabandika orodha yake: albamu kumi, zote za korali yake, na ya kwanza bado haijarekodiwa. Nimeiacha hapo mpaka leo kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuitoa.

Sasa sikiliza. Ijumaa mteja mmoja aliniletea ampli ndogo ya studio, na ndani ya carton alisahau casque yake, ile ya kufunika masikio yote mawili. Nikatengeneza ampli, nikatafuta kitu cha kuijaribia, mkono ukashika clé yako. Wimbo wa tatu, sekunde ya ishirini, ukaingia. Nilivua casque nikatazama nyuma, nikifikiri uko mlangoni. Nikairudisha masikioni, nikakusikia nyimbo zote tatu mpaka mwisho. Nililia. Nakuandikia mwenyewe kwa sababu maman atakuambia.

Nimejua ulichofanya. Ulirekodi sauti yako, ukaiweka kushoto, na kulia ukaweka ileile umeigeuza, moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Kwa mwenye masikio mawili ndani ya casque, inakuwa unamwimbia nyuma ya shingo. Ni kazi nzuri sana. Lakini baffle ya mlangoni ni moja. Waya ya kushoto na ya kulia nimezikutanisha kwa mkono wangu, kama ninavyofanya kwa parokia zote, ili mtu wa benchi la mwisho asikose nusu ya misa. Zikikutana hapo, moja inasukuma, nyingine inavuta, zinamalizana. Ngoma zinabaki, wewe unaondoka. Fundi ni mimi, na imenichukua karibu siku arobaini kukumbuka waya zangu mwenyewe. Nisamehe.

Lakini na mimi sijamalizana na wewe. Simu ya Marcelline ina tundu moja la sauti. Bar ya hapo juu ina baffle moja. Kanisa, waya moja. Wewe umekulia chini ya baffle hii, na umefanya albamu ambayo kwenu haisikiki. Hukutufikiria hata siku moja? Hilo ndilo linaloniuma. Na sheria ni ileile: cha kwenye orodha lazima kipigwe mlangoni. Nikikipiga, watu watauliza tena wimbo unaanza saa ngapi, na sitaki wakucheke.

Papa yako


Kampala, tarehe 23 januari 2024

Papa,

Heri ya mwaka na kwenu. Mwambie maman kwamba nimepokea ujumbe wake wa sauti, dakika kumi na moja, na nimeusikiliza wote.

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine inangoja, kwa sababu uliniita mwongo kwa lugha ya adabu. Na sasa unataka niharibu kitu bora kuliko vyote nilivyowahi kufanya, eti kwa sababu mlangoni kuna baffle moja. Ile sauti ya nyuma ya shingo nimeitafuta miezi mitano. Tundika baffle ya pili. Una kumi na saba mezani.

Umeniuliza kama niliwafikiria. Hapana. Nimekaa miaka miwili ndani ya casque na sikuwafikiria.

Carmel


Bukavu, tarehe 24 januari 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Baffle mbili naweza kuzitundika hata leo. Lakini Marcelline yuko upande mmoja wa barabara na kinyozi yuko upande mwingine, na kila mmoja atasikia ile iliyo karibu naye. Barabara haivai casque. Fanya unavyotaka, albamu ni yako.

Papa yako


Kampala, tarehe 15 februari 2024

Papa,

Habari za siku nyingi. Natumaini maman anaendelea vizuri na vile vidonge nilivyomtumia, na kwamba anavimeza baada ya kula.

Sikunyamaza kwa hasira, au si kwa hasira yote. Baada ya barua yako nilimwomba mlinzi wa nyumba yetu simu yake, nikapiga wimbo wa tatu. Ngoma, kinanda, na mimi simo. Yeye alikuwa akitikisa kichwa tu kwa heshima. Nilikaa kwenye ngazi pale na aibu ilinipata.

Nimeziimba upya zote tatu. Sauti iko katikati, moja, wazi. Kwenye casque imekuwa ndogo kuliko zamani, ile ya nyuma ya shingo imekufa, na usitegemee niseme nimefurahi. Mpya zimo ndani ya clé nyingine ninayokutumia kwa basi. Pigeni mlangoni, halafu uniambie ukweli.

Mtoto wako,
Carmel


Bukavu, tarehe 25 februari 2024

Mwanangu Carmel,

Salamu kutoka kwa wote, na leo wote ni wengi kweli. Vidonge anameza kabla ya kula, nimemwambia, hasikii.

Nimeipiga leo baada ya misa ya pili, barabara imejaa. Wimbo wa tatu ulipofika mahali pake, Marcelline aliacha sambaza zake kwa nzi, akavuka. Akasema: "Ule ni Carmel. Alifika lini?" Nikamwambia hujafika, uko Kampala. Akasema: "Sasa iko naimba wapi?" Nikamwonyesha baffle. Maman alikuwa anapita na ndoo, akaigeuza akaikalia mpaka wimbo wa nane. Edouard alisema umechelewa kidogo kwenye wimbo wa tano, lakini alisema akiwa amevua kofia.

Sasa nafasi. Kwa orodha hii nimesikiliza albamu kumi na tisa kwa mara tatu kila moja, na ya kwako mara nyingi zaidi. Ni ya kumi na nne. Nyimbo mbili za ngoma tupu hazina kazi hapo, na ule wa saba unafunga kabla hujasema ulichokuja kusema. Nimeandika namba hii nikaifuta, nikaiandika tena. Karatasi inaishia kumi, kwa hiyo jina lako halimo. Hao wa chini ya kumi sijawahi kumwambia mmoja wao anakaa wapi, wewe nakuambia.

Orodha ya Edouard nimeitoa. Ya kwetu ningoje sahihi yako au nisingoje?

Papa yako


Kampala, tarehe 26 februari 2024

Papa,

Asinge. Mwambie maman ni baada ya kula, mimi ndiye mtu wa pharmacie.

Barua yako nimeisoma kazini, na kwa hasira nimekosea kuhesabu vidonge vya mteja mara mbili. Kumi na nne. Nilikuwa nimejiandaa kwa ya nne, na kama ungenipa ya nne ningejua kwamba ni papa anayeandika, si fundi. Wimbo wa saba hauna kosa lolote, ni wewe hujauelewa, na nitakuja Pasaka tubishane uso kwa uso hapo mlangoni, watu wakisikia.

Sahihi yangu iko chini ya orodha, kwenye ukurasa wa pili wa barua hii. Bandika.

Na uniandikie leo hii, usingoje kesho: ni nani huyo wa kumi na tatu?

Mtoto wako,
Carmel