Hapa ni Wapi?

Mpendwa Mama Mwende,

Uniwie radhi kwa kukuandikia mbele za watu. Hukupenda mambo ya nyumba yetu yajulikane na majirani, nami katika ndoa yetu nilikutii. Lakini barua iliyofungwa huhitaji anwani, na anwani yako sina. Nimeiacha hii wazi, aisome apendaye, huenda kwa njia hiyo ikakufikia.

Jambo lililonifanya nishike kalamu ni dogo. Binti yetu ameniomba nimpeleke Mumbua shule kila asubuhi kuanzia Jumatatu, muhula wa pili utakapofunguliwa. Mwende hutoka hapa Gatina kabla hakujapambazuka kwenda kufua na kupiga pasi katika nyumba za watu huko Lavington, na yule mama aliyekuwa akimvusha Mumbua barabara pamoja na watoto wake alihama Januari wala hajarudi. Tangu aniombe, sijamjibu. Kila nikitaka kusema ndiyo, naiona ile barabara kuu ya Kawangware, honi, makanga wakigombea abiria, na mjukuu wako wa miaka saba ameniponyoka mkononi, ananiita. Ni wewe tu unayejua kwa nini mzee mzima aogope kuitwa.

Ulipoanza kunijua hukuambiwa kwamba sikio langu la kushoto ni pambo. Matumbwitumbwi yaliliua nikiwa bwenini, katika shule ya misheni, na kwa kuwa la kulia lilibaki zima, sikuona haja ya kumtangazia mtu. Uligundua mwenyewe. Tulikuwa tukitoka kanisani, wewe kushoto kwangu, ukaniambia neno, nami nikaendelea kuyasifu mahubiri. Ulinuna mpaka langoni. Kisha ukazunguka, ukaja kulia.

"Wewe, una sikio moja?"

Nikakiri.

"Si ungesema! Nimelipoteza bure neno zuri."

Nilikuomba ulirudie. Ulikataa siku ile, ukakataa siku ya harusi, na ukakataa hata ulipokuwa mgonjwa kitandani, wakati ambapo hukuwa ukikataa kitu kingine chochote.

Ni wewe uliyenilazimisha kwenda kwa daktari wa masikio, baada ya kisa cha mkokoteni. Mwenye mkokoteni alipiga kelele, "Pisha, mzee, pisha!" nami nikamsikia vizuri kabisa, nikaruka upesi, nikamrukia yeye mwenyewe. Viazi vilimwagika. Ulimwomba radhi kwa niaba yangu huku ukiokota, na usiku kucha hukunisemesha.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinifumbisha macho, akatikisa funguo zake, akaniambia nionyeshe zilipo. Nilionyesha dirishani. Nilisikia kicheko chako umekiziba kwa kiganja, kwa hiyo nikabadili, nikaonyesha mlangoni. Nilipofumbua macho, funguo zilikuwa juu ya utosi wangu.

"Sikio halisikii, mzee," alisema. "Sikio linapokea tu. Anayesikia ni ubongo." Akatueleza, akichora kwa kidole juu ya meza, kwamba sauti ikitoka kulia hulifikia sikio la kulia kwanza, halafu la kushoto. Tofauti yenyewe ni ndogo hata huwezi kuihisi, lakini ubongo huipima, na kabla hujajua kwamba umesikia, umekwisha kukugeuza shingo. "Wako unaletewa habari moja tu. Hauna cha kulinganisha nayo. Kwa hiyo unajua umeitwa, hujui umeitwa kutoka wapi."

Ukamwuliza, "Na penye watu wengi?"

"Hapo ndipo penye taabu zaidi, mama. Masikio mawili huusaidia ubongo kutenga sauti hii na ile, kama unavyochambua mchele. Kwa moja, mchele na mawe vinaingia pamoja."

Ulifikiri kidogo. "Kwa hivyo, daktari, nikimwambia alete maji naye aseme hakusikia, hilo ni sikio au ni ubongo?"

"Mama, hiyo ni ndoa."

Ulicheka mpaka kituo cha basi. Lakini ulitoka pale na sheria, na tangu siku ile neno "hapa" likapigwa marufuku nyumbani kwetu Laini Saba, Kibera. Mwende alikuwa mdogo. Alipojificha na kupiga kelele, "Baba, niko hapa!" ulimkemea: "Hapa ni wapi? Baba yako hana hapa. Mwambie mahali." Basi akakua akisema, niko kwa mlango, niko nyuma ya pipa, niko kwa kina Atieno. Vijana wa ploti walituita watu wa ramani. "Niaje, watu wa ramani, leo mko wapi?" Nawe uliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria: "Tuko kwa jiko, na wewe uko kwa njia ya watu, toka."

Mwalimu wetu wa Kiswahili kule misheni alikuwa akituambia kwamba katika lugha hii mtu husikia kwa mwili mzima. Husikia njaa, husikia baridi, husikia uchungu. Nimelikumbuka somo hilo mara nyingi mwaka huu. Tulipokuzika Kitui, wazee walinishika mkono wakanisifu kwamba nimejikaza. Naomba unisamehe, sikuwa nimejikaza. Nilingoja nisikie kitu, nisisikie. Nilihesabiwa kuwa jasiri kwa jambo ambalo halikunigharimu chochote. Wageni walipoondoka nilikunja viti, nikavirudisha kanisani, nikarudi Nairobi kama mtu aliyetoka kumsindikiza mgeni.

Disemba Mwende aliniletea Mumbua akae nami wakati wa likizo, ili nyumba isiwe kimya. Hayo yaliyofuata baada ya matokeo ya kura kutangazwa hukuyaona, na sitayasimulia yote. Nitasema tu kwamba kelele zilikuwa nyingi: mabati yakipigwa kwa mawe, milio ya bunduki, watu wakikimbia vichochoroni. Mumbua aliuliza kila mara, "Babu, ni wapi?" Nikamjibu, "Sijui, mama." Alidhani nasema hivyo kumtuliza. Mahali ambapo wewe ungenyoosha kidole na kusema, ni kule mtaa wa Lindi, tulia, mimi niliketi na makelele yote ya Kibera ndani ya kichwa kimoja, hayana kaskazini wala kusini. Wala sikusikia hofu. Nilimpikia uji.

Unga ulipokwisha, na kadi za simu zikawa hazipatikani, niliona ni lazima nimpeleke kwa mama yake. Tulitoka mchana. Karibu na reli vijana walikuwa wameweka mawe njiani.

"Mzee, unaenda wapi na huyo mtoi?"

"Naomba radhi, kijana wangu. Nampeleka kwa mama yake, Gatina."

Walicheka ile "naomba radhi" yangu. Mmoja akasema, "Huyu ni mwalimu, wacha apite." Mwingine akatuita tulipokwisha kupita, "Mwalimu! Usikae sana huko Toi, kumenuka, kuna fujo!" Nami nikageuka kumshukuru, nikamshukuru ukuta. Mumbua akanigeuza kwa kunivuta koti.

Soko la Toi lilikuwa limeungua. Pale uliponunulia lile koti langu la kijivu palikuwa na majivu na vyuma vya vibanda, na nguo zilizoungua bado zilitoa moshi. Watu walikuwa wengi, wengine wakitafuta mali yao, wengine wakitafuta mali ya wengine. Nilimshika Mumbua kwa mkono wa kulia. Tulikuwa tumekaribia barabara ya Ngong mabomu ya machozi yaliporushwa, na umati wote ukageuka kwa pamoja ukaja juu yetu. Nilipigwa bega nikaanguka. Niliposimama, mkono wangu wa kulia ulikuwa mtupu.

"Babu!"

Nilimsikia, Mama Mwende. Katika kelele zile zote nilimsikia, maana ubongo hauisahau sauti ya mtoto wake. Lakini ilitoka kila mahali. Nilikwenda mbele, ikawa ile ile. Nilirudi, ikawa ile ile.

"Babu! Niko hapa! Babu, hapa!"

Alikuwa mtoto, alikuwa na hofu, alisahau kutaja mahali kama mlivyomfundisha. Na watu wema wakazidisha. Mama mmoja aliyekuwa amejifunga leso puani akapiga kelele, "Mzee, mtoto ni huku!" Mwanamume mwingine: "Si huyo hapo, baba! Nyuma yako!" Mwingine: "Ala, huyu mzee haoni?" Nilizunguka. Machozi ya moshi yalinijaa machoni, na kila neno, huku, hapo, kule, likaniingia sikio moja likakaa. Nilisimama nikizunguka kama mtu aliyerogwa. Kisha sauti yake ikakoma, na hapo ndipo nilipofikiri kwamba nimempoteza. Nililifikiri kama jambo nililosomewa. Nilifikiri: sasa nitamwambia nini Mwende.

Halafu ikaja tena, imekasirika, imebadilika, kama imetoka kinywani mwako:

"Babu! Niko kwa choo! Kwa choo cha kulipia! Mlango wa buluu!"

Watu walicheka. Katikati ya moshi ule, watu wenye macho mekundu walicheka. Niliutafuta mlango wa buluu, nikauona, nikaenda moja kwa moja bila kulifuata sikio, nikamkuta amesimama juu ya tofali, kiatu kimoja hana.

Tulipofika Gatina, Mwende alipiga magoti akampapasa kichwa, mikono, mgongo, kama anayetafuta kilichokosekana, na akalia kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake. Mimi nilisimama mlangoni. Niliuliza kama redio ina betri. Naona aibu kuliandika hilo. Aliniwekea kiti.

Tangu hapo naishi nao. Ile nyumba ya Laini Saba nimeirudisha kwa mwenyewe, unisamehe kwa kutokuomba ruhusa. Wakubwa wamepatana, mahema ya waliokimbia yamepungua, Toi wamejenga upya kwa mbao, watu wanauza. Nami nala, nalala, naenda kanisani, naimba besi. Wanaponiuliza nasikiaje, nasema nasikia vizuri. Hakuna anayedhurika kwa jibu hilo.

Lakini Mwende angoja jibu jingine. Jana nilikuwa nimeketi na Mumbua kwenye ngazi tukichambua maharagwe ya chakula cha mchana. Ni mtu wa maswali, umemwachia. Aliuliza bila kunitazama:

"Babu, ile siku ya moshi. Kwani hukuwa unaniona? Ulikuwa unaniangalia."

Sikulijua hilo. Kumbe katika kuzunguka kwangu niliuelekeza uso wangu kwake, mara mbili, na mara mbili nikaugeuza. Alinitazama nikimtazama, kisha nikimwacha.

"Moshi ulinizuia," nilisema.

"Na kusikia?"

"Nilikusikia."

"Saa ngapi? Nilipokuambia choo?"

"La. Tangu mara ya kwanza. Kila uliponiita nilikusikia. Sikujua uko wapi, ndiyo sababu sikuja."

Aliacha maharagwe. Mama Mwende, nilitazamia alie, au anisamehe kama watoto wanavyosamehe, haraka, ili warudi kucheza. Alinikasirikia.

"Sasa si ungesema!"

"Ningesema nini, mama? Sikujua ulipo."

"Ungesema tu 'nakusikia'. Mimi nilifikiri hunisikii. Ndiyo nikalia. Ungesema nakusikia, ningengoja."

Katika umri huu wote, nikiwa na sikio moja, nilidhani mtu haitiki mpaka ajue aelekee wapi. Nilidhani kumwitikia mtu bila kumwendea ni utovu wa adabu. Kumbe aliyepotea alitaka kujua jambo moja tu, na hilo nilikuwa nalo muda wote.

Nilimwambia nitakumbuka. Akasema, "Haya," akaniondolea jiwe kwenye maharagwe yangu, ambalo sikuwa nimeliona.

Leo jioni Mwende akirudi nitamwambia ndiyo. Sisemi hivyo kwa kuwa ninasikia ujasiri. Sisikii ujasiri, na sitakudanganya, hata huzuni yako bado sijaisikia, ingawa nimeingoja kwa subira. Nitampeleka mtoto. Akiniponyoka barabarani akaniita, nitasimama pale pale nilipo, mbele ya makanga na watu wote, nami nitaitika kwanza kwa sauti yangu yote, kisha ndipo nianze kumtafuta.

Na kwa kuwa nimejifunza hilo kwa kuchelewa, niwie radhi nilitende kwako pia. Tangu tulipokuacha Kitui umekuwa ukiniita. Ni sauti yako yenyewe, haijachakaa, nami kila mara nimegeuka, nisione upande, nikanyamaza. Huenda ulifikiri sikusikii.

Nakusikia, Mama Mwende. Sijui uko wapi. Nakusikia.

Mumeo,
Baba Mwende