Walinzi wa Sukari Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi katangaza: kuna oda kubwa ya sare za shule, kwa hiyo chakula cha mchana sasa ni saa nane, si saa sita. Nikamfuata. Nikamweleza kwamba najidunga insulini asubuhi, nikichelewa kula sukari inashuka, naweza kuzimia. Akasema kila mtu hapa ana njaa. Njaa! Na kula kwenye cherehani marufuku, tutachafua vitambaa.

Jumanne, 5 Machi
Nilifungasha maharage, mboga, yai na ndizi moja. Nesi wa kliniki ndiye aliyenipangia. Jirani yangu wa cherehani — tunamwita Daktari, udaktari wake wa redioni — akaichukua ile ndizi. Eti mimi nina kisukari, vitamu si vyangu. Akaila yeye.

Alhamisi, 7 Machi
Hasira bado. Jana kabla ya chakula nilianza kutokwa jasho, macho giza. Nikatoa soda mkobani — kwa dakika zile ndiyo dawa yenyewe. Daktari akaninyang'anya. "Mwoneni, anataka kujiua!" Akaimwaga kwenye sinki. Nilitaka kumweleza, ulimi ukawa mzito. Nikaanguka.
Nilizindukia kliniki, dripu mkononi. Nesi akauliza kwa nini sikunywa kitu chenye sukari. Nilicheka mpaka nikalia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimerudi kazini. Kumbe nimeokolewa! Daktari anasimulia meza kwa meza: asingeimwaga ile soda, saa hizi ningekuwa marehemu. Wanampa mkono. Msimamizi naye kamkabidhi kazi ya kunichunga, na mlinzi wa getini anapekua mkoba wangu. Kitu kitamu hakipiti. Kwa faida yangu, ati. Nikawaeleza alichosema nesi. Msimamizi akanijibu taratibu, "Mama, acha ubishi, sisi tunakupenda." Na chakula? Saa nane ileile.
Mapenzi gani haya.

Jumatatu, 11 Machi
Naandika chooni. Bado nusu saa tule. Jasho limeanza, herufi zinacheza. Getini nilipitisha peremende tatu za kitinda mimba wangu, ndani ya soksi. Mimi, mtu mzima, naficha peremende kwenye soksi kama mwizi!
Daktari yuko mlangoni. Anagonga. "Dada, mbona umekawia? Unakula nini humo?"
Karatasi za peremende zina kelele. Nafungua ya kwanza. Asikie.