Mtama wa Mama Uliodhaniwa Silaha

Kijiji cha Doy Yare,
Baidoa.
28 Mei 1993.

Kaka yangu mpendwa Abdinur,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. U hali gani huko Uswidi, na kifua chako kinaionaje hiyo baridi? Sisi, alhamdulillahi, tu wazima. Mama amenenepa kidogo na ulimi wake umerudi, basi ujue amepona kweli.

Binti yangu Ugbad anatembea! Mwaka jana, njaa ilipokaza, nilikuwa nimeshamtafutia sanda. Uji wa wale askari wa kigeni ndio uliomrudisha, nami nitawaombea dua mpaka nife, hata baada ya haya nitakayokusimulia.

Mchele wao wa bure ulipojaa, mtama ulikosa mnunuzi sokoni. Wengi wakaacha kulima, mbegu wakaila. Mimi na mama tuliifukia yetu yote shimoni nyuma ya nyumba, kama alivyotufundisha baba.

Mwezi uliopita askari walikuja kutafuta silaha. Wakaona udongo umetuna, wakaanza kuuchoma kwa vyuma. Mama akaenda kuketi juu yake.

"We kijana, mama yako anajua unachokora chakula cha watu?" akamfokea mkubwa wao. "Hapa kuna mtama, si mzinga!"

Mkalimani alicheka, lakini walichimba. Walipoukuta mtama waliomba radhi, wakatuachia biskuti, wakaenda zao na shimo likabaki wazi. Wingu lilikuwa limeshatanda. Mbegu ikilowa, hatuna msimu. Mume wangu alikuwa mbali na ngamia. Nilikaa chini nikalia.

Aliyekuja ni Gedow. Ndiyo, huyohuyo mliyegombania naye mpaka wa shamba miaka saba, ukaapa hatakanyaga ardhi yako. Alikuja na mke wake, wamebeba ngozi za ng'ombe.

"Madino, hata machozi yanalowesha mtama," akasema. "Hebu shika ngozi huko!"

Tulimaliza kufunika matone ya kwanza yakianguka. Namshukuru Mungu, na namshukuru yeye. Baadaye mkewe ndiye aliyenidokeza kwamba wao hawana hata punje ya kupanda. Walitegemea malori ya mchele, na siku hizi hayaji. Gedow mwenyewe hakuomba kitu.

Kaka, nisamehe. Nimempa mbegu, na shamba lako nimempa alilime, maana lilikuwa limeota miiba. Mama alinikataza kukuandikia. Mimi nimeona heri ulisikie jambo hili kwangu kuliko kwa watu. Kasirika ukitaka, nitakuelewa. Lakini jana nilipita pale, mtama umefika magotini. Mke wake alikuwa akipalilia na mtoto mgongoni, akaniuliza jina lako kamili, apate kukuombea vizuri.

Nisalimie mkeo Shukri na Shangazi Barwako. Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Dada yako akupendaye kwa dhati,
Madino