Msimsomee Vuai Hitima

Xiaobei, Guangzhou,
China.
14 Mei 2006

Mpendwa dada yangu Chausiku,

Assalaam alaykum. Nakusalimu kwa mapenzi mengi. Mguu wako vipi? Na masika huko Unguja, yameshakatika? Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa kifua kidogo, maana huku hewa ina maji siku zote. Nguo naanika juu ya paa asubuhi, jioni bado mbichi, na majumba marefu yamezama kwenye ukungu hata nadhani naota.

Barua yako niliisoma jikoni. Kwamba mashemeji zako wanataka kumsomea Vuai hitima mwezi huu, kwa kuwa mwaka wa pili mwanao hajasikika tangu aje huku China kununua mzigo. Na wewe umekataa, kila magharibi unampakulia chakula chake, na mitaani wanasema umeshachanganyikiwa. Nililia, dada.

Jiko nashirikiana na Mfilipino, jina lake Nenita, anafundisha chekechea. Aliponiuliza nalia nini, nikamweleza. Akaweka kisu chini, akanihadithia mama mmoja wa hadithi za kwao, za enzi walipotawaliwa na Wahispania. Mwanawe alichukuliwa na askari akakate magogo ya merikebu. Yule mama akawa anazunguka na bakuli la wali, analiita jina la mwanawe mlango wa kanisa, mlango wa kambi, watoto wanamcheka. Siku mwana aliporudi, mama akamtazama usoni, akamwuliza, "Kijana, hujamwona mwanangu?"

Tangu hapo namwona yule mama. Nikiswali namwona. Nikichagua magauni sokoni Shisanhang namwona anapita baina ya marobota, na sura yake ni yako.

Basi Ijumaa nikawauliza watu wetu msikitini, mmoja mmoja. Abubakary, anayesafirisha mizigo, akasema, "Mbona yupo Mzanzibari kule Xintang, anafua jinzi kiwandani? Ukimsalimu anajificha."

Nikapanda basi. Huko, dada, mto wenyewe ni wa buluu kwa rangi ya jinzi, unapita taratibu kama kitu cha ndotoni. Nikaingia kiwandani, nikaona mtu kainama, mikono buluu mpaka viwikoni. Ni Vuai. Amekonda, lakini mzima.

"Mama mdogo," akaniambia, "umefuata nini kwa maiti?"

"Maiti gani anayenuka sabuni? Njoo unisalimie, mkosa adabu wee!"

Ndipo akanieleza. Ule mzigo wa jinzi aliowanunulia ami zake, hao hao mashemeji zako, aliuagiza kwa saizi za Kichina, bila kumvalisha mtu yeyote wa kwetu. Ulipofika sokoni Darajani, hakuna nyonga ya Unguja iliyopita. Ami zake wakamtukana kwa simu, wakamwambia asirudi. Akaona haya, akanyamaza. Mwaka jana msafiri mmoja akamzushia kwamba kwao ameshasomewa hitima. Akaamini, akadhani nawe umeridhia, moyo umepoa, asije akakutonesha kidonda.

Nikamwambia hujaridhia hata siku moja. Akakaa juu ya furushi la jinzi, akalia mpaka Wachina wakazima mashine.

Ningepiga simu, lakini simu ya nyumbani wanaishika mashemeji, nami nilitaka ujue wewe kwanza. Abubakary anaruka kesho, atakupa barua mkononi. Sisi tunamfuata Jumapili ijayo inshallah, Vuai na mimi. Wanaotaka kusoma hitima wawasomee waliokufa.

Nisalimie shangazi Bi Time na Mwanaisha wake, na majirani wote, hata waliokucheka.

Jambo moja nimekosea, dada. Nilimhadithia Vuai yule mama wa Nenita. Sasa kila saa ananiuliza, "Mama atanijua?" Ana ndevu siku hizi, na mashavu yameingia ndani. Akisimama mlangoni, usingoje aseme neno. Mwite jina lake kwanza.

Mola akuhifadhie macho na moyo wako mpaka tufike.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Ilham